Mikoko Katika Picha za Watoto Wetu

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeotesha miti hata katika maji ya chumvi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu:

Katika nchi nyingi zenye mikoko wanafunzi hushindana kuichora, na shirika moja la Marekani, Mangrove Action Project, hukusanya michoro yao na kuifanya kalenda. Wapo wazazi miongoni mwetu wamnyang'anyao mtoto kalamu za rangi wakidhani kila mchoro ni haramu. Tunawakumbusha kwamba Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kutengeneza picha, alimwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Mkoko ni mti. (Ama kaa na samaki ambao watoto hupenda kuwatia kati ya mizizi, wanavyuoni wamehitilafiana, mzazi na amuulize mwalimu wake.)

Auchorae mkoko hana budi kuutazama. Ataona mizizi iliyosimama matopeni kama miguu mingi, ipunguzayo nguvu ya mawimbi na kuuzuia udongo usichukuliwe. Ataona tunda likichipua lingali juu ya mti, kisha likaanguka na kujichoma topeni. Humo mizizini ndimo wakuliamo kamba na samaki wadogo tutakaowavua kesho.

Sisi watu wa pwani tumejengea nyumba zetu boriti za mikoko, na majahazi yalizipeleka hadi Arabuni. Kenya ilipiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Lakini majiko yetu na tanuri za chokaa hayajui marufuku ya bandarini. Mtoto aletapo picha yake nyumbani akakuta mzigo wa kuni za mkoko uani, atauliza. Tutamjibu nini?

Watu wa Gazi, kusini mwa Mombasa, wamejibu kwa kazi. Mradi wao wa Mikoko Pamoja, uuzao hewa ya kaboni, unalinda hekta 117, na mapato yamesaidia maji na shule za kijiji. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba apandaye mti, kila aliwacho humo na mtu, ndege au mnyama huwa sadaka yake. Hatudhani kwamba kamba ameachwa nje ya hesabu hiyo.

Walimu wa skuli na wa madrasa wanaweza kutoka pamoja na watoto maji yakipwa, wakiwa wamekwisha kuwauliza watu wa misitu mahali pafaapo kupanda, maana kila aina ya mkoko ina tope lake. Wachukue miche, na karatasi pia.

Wabillahi taufiki.