SAFARI YA BAISKELI KATIKA VILIMA VYA MIZABIBU

  Mwalimu wa darasa, tafadhali angalia kama kila mtu anayo karatasi ya somo na penseli. Mimi nitasema pole pole. Wewe fuata maneno kwa kidole chako.

Kwanza tuyatazame maneno manne tutakayoyakuta leo. Mzabibu ni mmea utambaao. Matunda yake ni zabibu. Divai ni kinywaji kilichotengenezwa kwa maji ya zabibu yaliyochachuka. Mteremko ni mahali ambapo njia inashuka. Mkataba ni mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.

Sasa tuanze safari. Tunakwenda Ufaransa, upande wa mashariki, katika eneo liitwalo Alsace. Magharibi yake iko milima ya Vosges. Mashariki yake uko mto Rhine, na ng'ambo ya mto huo ni Ujerumani. Chini ya milima kuna vilima vingi, na juu ya vilima hivyo imepandwa mizabibu, safu kwa safu, kama mistari ya daftari lako.

Kwa nini mizabibu ilipandwa hapo? Mawingu ya mvua hutoka magharibi. Yakifika kwenye milima ya Vosges, humwaga maji mengi huko huko juu. Yakivuka, yamebaki na maji kidogo. Kwa hiyo vilima vya upande wa pili ni vikavu na vina jua la kutosha. Mji wa Colmar, ulioko hapo, ni mmoja wa miji ya Ufaransa inayopata mvua kidogo kabisa. Zabibu zapenda hali hiyo.

Tangu mwaka 1953 iko njia katika vilima hivi iitwayo Njia ya Divai. Inatoka Marlenheim upande wa kaskazini, inafika Thann upande wa kusini. Urefu wake ni kadiri ya kilometa 170. Mwenye motokaa aweza kuimaliza kwa siku moja. Sisi tutakwenda kwa baiskeli, nasi hatutaimaliza. Tutachukua kipande kidogo tu, kutoka Colmar mpaka Riquewihr, kwa kupitia Kaysersberg. Mwendo huo hauzidi kilometa 30.

Kabla ya kupanda, itazame baiskeli yako. Kaza breki zote mbili. Jaza magurudumu upepo. Tia mnyororo mafuta. Kama baiskeli yako ina gia, jifunze kuzitumia mahali tambarare kwanza. Gia nyepesi hukufanya uzungushe miguu mara nyingi na kwenda pole pole, lakini hukuokoa mlimani. Badili gia kabla kilima hakijawa kikali. Ukingoja mpaka miguu imekwama, mnyororo utalia na huenda ukatoka. Na kama huna gia, shuka, sukuma. Hakuna aibu katika kusukuma baiskeli.

Mteremko una hatari kuliko mpando. Punguza mwendo kabla ya kufika kwenye kona. Usingoje mpaka umo ndani yake. Tumia breki ya mbele na ya nyuma pamoja. Bana kidogo, kisha achia, kisha bana tena. Wakati wa mavuno, mwezi wa Septemba na Oktoba, matrekta hupita katika njia nyembamba za mashamba, basi sikiliza kabla ya kona. Na katika nchi hii ya divai, kumbuka jambo moja: sheria ya Ufaransa juu ya ulevi barabarani inamhusu mwendesha baiskeli pia. Beba chupa ya maji.

Baada ya kupanda kidogo, tunaingia Kaysersberg. Hapa lipo daraja la mawe la mwaka 1514, lenye ukuta wa kulilinda. Tazama nyumba zilizo karibu nalo. Mafundi wa zamani walisimamisha nguzo na maboriti ya mbao, wakaziba nafasi kwa fito na udongo uliochanganywa na majani makavu. Wewe uliyejenga nyumba ya fito na udongo utaielewa kazi hii mara moja. Nyumba za namna hiyo zimesimama miaka mia kadhaa, kwa sababu mwenyewe hutengeneza paa lake na kupaka ukuta wake upya.

Katika mji huu mdogo alizaliwa Dakta Albert Schweitzer, mwaka 1875. Huyu ndiye aliyeanzisha hospitali Lambaréné, katika Gabon, mwaka 1913, na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952. Lakini sikiliza yaliyompata kabla ya tuzo hiyo. Vita vilipoanza mwaka 1914, Gabon ilikuwa chini ya Wafaransa. Wakamweka Dakta chini ya ulinzi, na mwaka 1917 wakamtoa Afrika na kumzuia kambini Ufaransa. Kosa lake lilikuwa nini? Alihesabiwa kuwa Mjerumani.

Utauliza, je, Kaysersberg si mji wa Ufaransa? Naam, leo ni wa Ufaransa. Lakini mwaka 1871 Ujerumani iliishinda Ufaransa na kuichukua Alsace. Mwaka 1918 Wafaransa wakarudi. Mwaka 1940 Wajerumani wakaichukua tena. Mwaka 1945 ikawa ya Ufaransa tena yote. Hesabu kwa vidole: mara nne. Mzee aliyezaliwa hapa mwaka 1870 na kufa mwaka 1945 alibadilishiwa serikali mara nne bila kuihama nyumba yake wala mizabibu yake. Na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ulioithibitisha Alsace kuwa ya Ufaransa, ndio huo huo ulioiondoa Tanganyika katika mikono ya Ujerumani. Karatasi moja ilitiwa sahihi, na watu wa mbali namna hii wakaguswa pamoja.

Tuendelee. Kutoka Kaysersberg tunafika Sigolsheim, kisha Bennwihr. Hapa utashangaa. Nyumba za zamani ni chache sana. Karibu kila kitu ni kipya. Mwenye motokaa atapita bila kuuliza, lakini wewe unakwenda pole pole, nawe utauliza. Jibu ni hili: wakati wa baridi ya mwaka 1944 na 1945 vita vikali vilipiganwa hapa, na vijiji hivi vikavunjwa karibu vyote. Baadaye wenyeji walivijenga upya.

Juu ya Sigolsheim kuna kilima. Tumia gia nyepesi, au sukuma. Ukifika juu, utayaona makaburi zaidi ya 1,500 ya askari wa jeshi la Ufaransa waliokufa katika vita vile. Si Wafaransa peke yao. Wengi wao ni Waafrika, hasa Waislamu wa Afrika ya Kaskazini. Walikufa katika theluji, mbali na kwao, wakiikomboa nchi ya watu ambao hawakuwajua. Egemeza baiskeli yako, vua kofia, usome majina. Mtu asiyejua kusoma ataona mawe tu. Wewe utawaona watu.

Kisha tunateremka na kupanda tena mpaka Riquewihr. Jina hili hutamkwa "Rikvir". Kijiji hiki kilipona vita, na nyumba zake nyingi ni za zaidi ya miaka 400. Langoni uko mnara uitwao Dolder, uliojengwa mwaka 1291. Tazama juu ya milango. Juu ya baadhi yake umechongwa mwaka wa kujengwa. Soma tarakimu hizo, kisha utoe katika mwaka wa leo. Utapata umri wa nyumba, wala hutahitaji mtu wa kukuambia.

Basi, ndugu msikilizaji, kutoka Riquewihr mpaka Bennwihr ni mwendo mfupi tu wa baiskeli. Kijiji kimoja kimehifadhi mnara wa mwaka 1291. Cha pili hakikubakiwa na nyumba zake. Mizabibu ile ile inavizunguka vyote viwili. Waswahili husema, pole pole ndio mwendo. Katika vilima mwendo huo huokoa miguu yako, tena hukupa nafasi ya kusoma yaliyoandikwa njiani.

MASWALI

1. Kwa nini vilima vya Alsace vina mvua kidogo?
2. Ubadili gia wakati gani, kabla ya kilima kikali au katikati yake?
3. Kwa nini Dakta Schweitzer alihesabiwa kuwa Mjerumani?
4. Mnara wa Dolder una miaka mingapi sasa? Fanya hesabu katika daftari lako.
5. Je, kijijini kwako kuna jengo, kaburi au jiwe lenye maandishi? Nenda ukalisome, uyaandike maneno yake, uyalete darasani.

Kwaherini mpaka somo lijalo.