Mfiwa na Maandiko: Mhadhara wa Umma, Mahoo



Mahoo ni mahali panapofaa kwa mada hii. Wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walifika hapa mwishoni mwa karne ya 19, na tangu 1895 walichapa jarida lao, Taveta Chronicle. Maandiko tumekaa nayo muda mrefu. Ninalouliza ni hili: tunayatumiaje mbele ya mtu aliyefiwa?

Mmeona kwenye matanga. Mama ameketi mkekani, leso kiunoni, chai imepoa pembeni hajaigusa. Mhubiri anashika kipaza sauti na kumkataza kulia, kwa sababu Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wasio na tumaini. Lakini Paulo hakukataza huzuni. Alikataza kukata tamaa. Na Yesu mwenyewe alilia kwa Lazaro, akijua atamfufua.

Kitabu cha Ayubu kinaeleza vizuri zaidi. Rafiki zake walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila neno. Hapo walifanya vyema. Walipofungua vinywa wakaanza kumtafutia dhambi: haiwezekani mtu ateseke hivi bure. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, na Ayubu, aliyelalamika sura baada ya sura, ndiye aliyetajwa na Mungu kuwa amesema sawa.

Hatia ya kubandikwa tunaifahamu katika kaunti hii. Mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, Waingereza waliwashutumu watu wa Kasighau kuwa wamewasaidia Wajerumani, wakawahamishia Malindi kwa nguvu. Wengi walikufa huko, na waliobaki walikaa miaka mingi kabla ya kurudishwa. Ukimsomea mjukuu wao Zaburi 51, toba ya Daudi, umekosea mlango. Daudi alikuwa na kosa lake, tena analijua. Huyu msomee Zaburi 44, ambamo watu wanamlalamikia Mungu kwamba wamepigwa ilhali hawakumsahau.

Hatia ya kweli ina njia yake, na Wataita waliijua kabla ya mmisionari. Katika kutasa, ibada aliyoieleza mwanaanthropolojia Grace Harris katika kitabu chake cha 1978, mtu mwenye hasira moyoni dhidi ya nduguye hupuliza kinywaji kutoka mdomoni huku akitamka kwamba ameiachilia. Waliamini hasira iliyofichwa huleta maradhi nyumbani. Msomaji wa Mathayo 5 hapaswi kushangaa: huko mwenye sadaka anaambiwa aiache madhabahuni, akapatane kwanza na ndugu yake. Sidai mambo haya mawili ni kitu kimoja. Nasema mzee wa Taita angemwelewa Yesu upesi kuliko wahubiri wengi wa leo.

Kuhusu uchovu, ambao nao huandamana na msiba, nitasema kidogo. Eliya, chini ya mretemu, aliomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Kazi aliyotumwa ilikuja baadaye. Wanawake wanaobeba ndizi hadi soko la Taveta, kisha wakaitwa walegevu wa imani kwa kukosa mkesha, wangefarijika kukisikia kisa hiki kanisani.

Basi, wachungaji na wazee wa kanisa mliopo hapa: matanga yajayo, kabla hamjafungua Biblia, ulizeni kama mfiwa amekula.