Baada ya Matanga: Mlo na Moyo wa Mfiwa

Mada iliyotolewa kwa wakazi katika Siku ya Afya na Lishe



Msiba unapotokea, majirani huja na kuni, maji na unga. Sufuria kubwa huinjikwa uani, na mfiwa hubembelezwa ale hata kama hana hamu. Matanga yakishaanuliwa, sufuria hurudishwa kwa wenyewe. Ndipo wafiwa wengi huanza kuishi kwa chai ya sukari nyingi na andazi, asubuhi na jioni, wakiamini kwamba utamu huo unawatuliza.

Kila mtu ana chakula kinachomfariji. Kwa mmoja ni uji aliokorogewa na bibi alipougua. Kwa mwingine ni wali wa nazi wa sikukuu. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Jordan Troisi na Shira Gabriel, walieleza kwamba faraja ya vyakula hivyo hutokana na kumbukumbu ya watu wa karibu. Mwaka 2014 wenzao wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwaonesha watu filamu za kuhuzunisha. Baadhi walipewa chakula chao cha faraja, wengine chakula kingine, na wengine hawakupewa kitu. Nyoyo za wote zilitulia kwa kiwango kinachofanana.

Hata hivyo, mlo wa kila siku una uzito wake. Mwaka 2017 Felice Jacka na wenzake nchini Australia walichapisha matokeo ya jaribio la majuma 12 kwa watu 67 wenye sonona. Kundi moja lilisaidiwa kula mboga, matunda, kunde, samaki na nafaka zisizokobolewa. Jingine lilipata mtu wa kuzungumza naye. Takriban theluthi moja ya kundi la kwanza ilipata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 8 ya kundi la pili. Jaribio lilikuwa dogo, na wengi waliendelea na tiba zao. Hata hivyo lafundisha kwamba mazungumzo peke yake hayatoshi, kama andazi peke yake lisivyotosha.

Tena chai inywewayo pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma. Upungufu wa damu huleta uchovu na unyong'onyevu, na mtu hudhani ni huzuni tu. Ni vyema chai isubiri saa moja baada ya mlo, na maharage au mchicha uliwe pamoja na chungwa au limau.

Ndugu wakazi, mfiwa asiyekula wala kulala kwa zaidi ya majuma mawili apelekwe zahanati. Anayetaja kujidhuru asiachwe peke yake. Apelekwe siku hiyo hiyo. Na majirani warudi baada ya matanga, hata kwa bakuli moja la maharage. Wasiliache mlangoni, waingie, waketi, wale naye.