Lenzi za Macho na Maji ya Ziwa



Baadhi yenu mtauliza lenzi za kuvaa jichoni zinatuhusu nini sisi wa Ufipa, ambako hata miwani ya kawaida kwa wengi ni gharama. Zinatuhusu. Vijana wetu wanaosoma Mbeya na Dar es Salaam hurudi likizo wakiwa nazo. Zipo pia lenzi za rangi, ambazo wengine huzivaa kwa ajili ya harusi tu. Hizo huuzwa pamoja na vipodozi bila mnunuzi kupimwa macho. Huku juu Sumbawanga baridi haimshawishi mtu kuogelea, lakini safari za vijana huteremka kupitia Matai hadi Kasanga, na hapo Ziwa Tanganyika humwita kila mtu.

Maji ya ziwa lile ni maangavu, kokoto za chini unaziona. Kwa mwenye lenzi uangavu huo si usalama. Katika maziwa, mito, visima, hata maji ya bomba, huishi amiba iitwayo Acanthamoeba. Asiye na lenzi ni nadra kudhuriwa nayo. Lenzi ndiyo huipa nafasi: amiba hunasa juu yake, hukaa karibu na konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na penye mkwaruzo mdogo hupenya. Ikizidiwa hujifunika ganda gumu, ndiyo maana hata klorini ya bwawa la kuogelea haiimalizi. Matibabu huweza kuchukua miezi mingi. Wapo wanaopoteza uwezo wa kuona, au kuhitaji kupandikizwa konea, huduma ambayo kwa mtu wa Rukwa iko mbali.

Kwa hiyo lenzi zivuliwe kabla ya kuingia majini, na kabla ya kuoga pia. Asiyeweza kuogelea bila lenzi avae zile za siku moja, juu yake miwani ya kuogelea isiyopitisha maji, na akitoka azitupe. Lenzi za mwezi zikilowa, anawe mikono kwa sabuni, aikaushe, azivue na kuzilaza usiku kucha katika dawa yake mpya. Asizisuuze kwa maji wala mate. Maji ya chumvi ya kujitengenezea nayo hapana: Marekani, miaka ya 1980, ugonjwa huu uliongezeka hasa kwa waliokuwa wakiyatumia.

Kinachotusumbua zaidi ni yale yanayofanyika jicho likishauma. Utafiti wa vidonda vya konea nchini Tanzania, uliochapishwa mwaka 1994, ulikuta karibu robo ya wagonjwa walikuwa wametumia dawa za kienyeji machoni. Matone yenye steroidi yanayonunuliwa bila cheti nayo huweza kuzidisha ugonjwa. Jicho likiwa jekundu, likiuma sana na kuogopa mwanga, vua lenzi, nenda kliniki ya macho siku hiyo hiyo. Lenzi ipeleke ndani ya kikopo chake, maabara inaweza kuipima. Na mwambie daktari kwamba uliingia ziwani, maana dalili hizi hufanana na za magonjwa mengine.

Tunaziomba kamati zinazoandaa safari ziulize mapema nani huvaa lenzi. Wenye lenzi za rangi huona aibu kusema, muwaulize kando. Wabebe miwani yao, vikopo na dawa ya lenzi, kwa sababu Kasanga si rahisi kuipata.