Mtoto Akitapika, Soma Kwanza



Juzi mama mmoja alinijia na chupa mbili za dawa ya kuzuia kutapika. Mtoto wake alikuwa anaharisha na kutapika. Chupa moja kainunua duka hili, ya pili duka lile. Akaniuliza, "Mwalimu, nimpe ipi?" Nikamjibu, "Mama, hebu tusome wote." Tukasoma. Moja ilikuwa domperidoni, nyingine ondansetroni. Zote mbili zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Mtasema, mtoto anaumwa tumbo, moyo umeingiaje? Moyo hupiga kwa mpango. Mpango huo hutegemea chumvi za mwilini, hasa potasiamu. Mtoto akiharisha na kutapika, chumvi hizo hutoka pamoja na maji. Ukimwongezea dawa inayovuruga mapigo, hatari inakua. Ukichanganya na dawa nyingine ya namna hiyo, kama eritromaisini, inazidi.

Sisemi ondansetroni ni sumu. Dozi moja ya kumeza, iliyopimwa na mganga kwa uzito wa mtoto, ni nadra kudhuru. Lakini dozi haikisiwi nyumbani. Na domperidoni je? Mwaka 2019 wakuu wa dawa wa Uingereza walitangaza kwamba isitumike tena kwa watoto walio chini ya miaka 12, maana haikuonekana kuwasaidia.

Basi tufanye hivi:

1. Changanya pakiti ya chumvichumvi na maji safi na salama. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

2. Mpe mtoto kijiko kidogo kila dakika 1 au 2. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole zaidi.

3. Anayenyonya aendelee kunyonya.

4. Akitapika kila kitu, akilegea, macho yakidumbukia, au akiharisha damu, mwahishe zahanati.

5. Mweleze mganga dawa zote alizokwisha kunywa. Mweleze pia kama mtoto ana ugonjwa wa moyo, au kama katika ukoo kuna kijana aliyewahi kufa ghafla.

Mama yule alikwenda zahanati na chupa zake mkononi, bado zimefungwa. Mtoto alinyweshwa maji ya chumvichumvi kwa kijiko. Jioni kutapika kulikoma.

Ndugu zangu, kisomo si cha kuandikia barua tu. Kabla hujafungua chupa, soma. Usipoelewa, uliza.