Kupima na Kukata Matofali Yanayozunguka Tao

Maelezo ya mkufunzi wa uashi kwa wanagenzi na wakazi wanaojenga, Machakos



Tao si kazi ngeni nchini Kenya. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, yapo matao ya mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa karne nyingi kabla ya saruji ya leo. Sisi hapa Machakos tunajenga sana kwa matofali ya kuchoma. Matofali ya mkono hayalingani: mengine ni manene, mengine yamepinda tanurini. Kwa hivyo neno langu ni moja: usikate kwa kukadiria, na usipime tofali mahali pamoja tu.

Tuanze na tao lenyewe. Chukua mlango wa upana wa sentimita 120, tao la nusu duara. Kutoka katikati hadi ukingo ni sentimita 60. Zidisha kwa 3.14, unapata mzingo wa ndani wa sentimita 188 hivi. Ikiwa tofali lina unene wa sentimita 7, panga matofali 23. Kila moja linapata sentimita 8.2, yaani tofali pamoja na kiungo cha sentimita 1.2. Idadi iwe witiri ili tofali moja likae katikati, juu kabisa. Weka alama zote kwenye kiunzi cha mbao kabla ya kukoroga saruji.

Sasa tuje kwa matofali ya ukutani yanayokutana na mgongo wa tao. Hapa ndipo hasara huingia. Tuseme tao lina kimo cha sentimita 11. Ukiongeza sentimita 1 ya saruji, ukuta unaishia sentimita 72 kutoka katikati ya duara. Kwenye kozi inayoanza sentimita 40 juu ya mwanzo wa tao, upande wa chini wa tofali unaishia karibu sentimita 60 kutoka mstari wa katikati, na upande wa juu karibu 54.5. Tofauti ni zaidi ya sentimita 5 katika tofali moja! Fundi aliyepima chini tu atabaki na pengo, na atalijaza saruji. Pengo hilo ndilo hupasuka baadaye.

Fanya hivi:

1. Pigilia msumari katikati ya duara, ufunge uzi wa sentimita 72.
2. Shikilia tofali mbele ya nafasi yake, likiwa sawa kwa pimamaji, ukiacha kiungo upande wa tofali lililotangulia.
3. Zungusha uzi, uchore mstari juu ya tofali. Hamisha mstari huo hadi upande wa nyuma kwa skwea.
4. Laza tofali juu ya mchanga. Gonga polepole kwa patasi pana kufuata mstari pande zote, kisha piga kwa nguvu mara moja.
5. Jaribu tofali bila saruji kwanza.

Ukitumia grinda, vaa miwani na barakoa, na ulowanishe tofali. Vumbi lake huharibu mapafu.

Panga kozi kutoka mbali ili usibaki na kipande chembamba kando ya tao. Tofali lililovunjika bure limeshakula kuni, na kuni zetu ni chache.

Mwisho, tao husukuma ukuta kuelekea nje. Jenga pande zote mbili kwa pamoja, mwagilia maji, na usiondoe kiunzi kabla ya siku 7. Kilegeze kidogo kidogo.

Na wewe mwenye nyumba, kabla ya lipu kupigwa, kagua viungo kandokando ya tao. Ukiona saruji pana kuliko kidole gumba, mwambie fundi arudie. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ni ukuta ambao watoto wako hupita chini yake kila siku.