Nyota za Kubani na Mwezi Tusioutazama

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.



Mwezi wa Shaabani tuliwapeleka watoto wa madrasa Liberty Science Center, makumbusho ya sayansi yaliyoko Jersey City. Humo mna planetariamu, yaani ukumbi wa kuba unaoonyesha anga, iliyofunguliwa Desemba 2017. Skrini yake ya kuba ina upana wa mita 27 hivi, na picha za kidijitali huifunika yote. Taa zilipozimwa, kwanza tuliliona anga la mjini kama lilivyo: weupe wa taa na nyota chache. Kisha mwanga wa mji ukaondolewa. Nyota zikajaa kutoka ukingoni hadi kileleni, na watoto wakapiga takbiri bila kuamrishwa.

Mmoja wao akatuuliza, "Nyota hizi ni za hapa tu, au hata kwetu ziko?"

Tulimjibu kwamba ziko juu ya paa la nyumba yao kila usiku. Jibu lilikuwa sahihi, lakini lilitutia haya, kwani sisi wazazi hatukuwahi kumwonyesha hata moja.

Mwelezaji akaitaja Aldebaran. Jina hilo ni la Kiarabu, ad-dabaran, mwenye kufuata, kwa kuwa nyota hiyo hulifuata kundi ambalo Waarabu huliita Thurayya. Wazee wetu wa pwani waliliita Kilimia, wakajua kwalo majira ya kulima. Mwanga wa Kilimia unaotufikia leo ulianza safari kabla Ngome ya Yesu haijaanza kujengwa Mombasa mwaka 1593. Elimu hii ilikuwa yetu; leo tunasimuliwa na wengine, tena kwa tiketi.

Ndugu zetu, katika Surat Al-Mulk Mola wetu anatutaka tuitazame mbingu, kisha tuirudie kuitazama. Katika Surat Yunus anatueleza kuwa mwezi umewekewa vituo ili tujue hesabu ya miaka. Basi tujihesabu wenyewe. Kila mwaka mwezi unapokaribia kuandama, sisi tulio ughaibuni huulizana kwa simu: nani kauona, wa nchi gani, twamfuata nani? Tumewahi kuwa na nyumba moja yenye Idi mbili, na ndugu wasiopeana mkono. Hatukuja kutoa fatwa. Hilo lina wanazuoni wake. Tunauliza tu: katika ubishi wote ule, ni wangapi kati yetu waliotoka nje wakatazama?

Tunaombana jambo moja. Jioni ya tarehe 29, jua likishatua na tukishafungua kinywa kwa tende na maji, tutoke na watoto mahali palipo wazi, tuutafute mwezi upande wa magharibi. Tukiuona, tutaomba dua pamoja. Mawingu yakiuficha, watoto watakuwa wamejifunza kwamba mwezi huandama mbinguni, si kwenye simu.

Mwenyezi Mungu atupe macho yenye kuzingatia, atakabali funga zetu, na aziunganishe nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.